Mfereji Si Pambo

Waswahili husema kuwa mtembezi hula miguu yake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkebehi mtu asiyetulia, na mimi nimetupiwa si mara moja wala mbili tangu nilipowaarifu wenzangu kuwa nimetembea kwa miguu urefu wote wa Mfereji wa Regent katika mji wa London, karibu kilometa 14, kutoka Little Venice upande wa magharibi mpaka Limehouse upande wa mashariki, na kwamba safari yangu ilikoma katika nyumba ya pombe. Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa sheria, aliniambia bila ya haya: "Ndugu yangu, mtaalamu husoma maktabani, mzururaji huzurura kando ya maji, na mlevi huishia baa. Wewe umeyafanya mawili ya mwisho ukaliacha la kwanza."

Naandika ili nimjibu yeye, na pamoja naye niwajibu watu wengine wa namna mbili. Wako wale waandishi wa vitabu vya watalii wasemao kuwa mfereji ulikuwa mahali pa kazi chafu, lakini kazi hiyo imekwisha, na sasa umekuwa pambo la mji, basi na tulitazame pambo na kushukuru. Na wako wale wasemao kuwa pambo lina bei, na aliyelipa zaidi ndiye apaswaye kulifaidi. Watu hawa watatu hawajuani, wala hawangependana kama wangekutana. Walakini kosa lao ni moja: wote watazama maji wasiuone mkono ulioyaleta maji hapo.

Na tuanze na mkono huo. Mfereji si mto. Mto hujipatia njia yake wenyewe, na hapana mtu awezaye kudai kuwa aliutuma. Mfereji wa Regent uliamriwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1812. Sehemu yake ya kwanza, kutoka Paddington mpaka Camden, ilifunguliwa mwaka 1816, na njia yote mpaka mto Thames ilifunguliwa tarehe 1 Agosti, 1820. Ulipewa jina la mwana wa mfalme aliyekuwa akishika madaraka ya baba yake, ambaye mwaka ule ule wa 1820 alirithi ufalme akawa Mfalme George wa Nne. Msanifu majengo John Nash alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni. Mhandisi alikuwa James Morgan. Hata mwizi wa kampuni ajulikana kwa jina: Thomas Homer, mmoja wa waasisi wenyewe, aliyegunduliwa mwaka 1815 kuwa ametia fedha za kampuni mfukoni mwake. Gharama ilifika pauni 772,000, kiasi cha mara mbili ya makadirio ya mwanzo.

Msomaji, itazame orodha hiyo. Mfalme yumo, msanifu yumo, mhandisi yumo, na mwizi yumo. Aliyeshika sururu na beleshi hayumo. Ardhi ile ilichimbwa kwa mikono ya maelfu ya watu, ikasombwa kwa mikokoteni ya kusukuma, na udongo wa mfinyanzi ukakanyagwa kwa miguu katika sakafu ya mfereji ili maji yasivuje. Nani alikuwa mtu huyo aliyekanyaga udongo? Historia iliyoandikwa kwa kalamu ya kampuni haikupata nafasi ya kumtaja. Lakini kazi yake yashika maji hata leo, baada ya miaka zaidi ya 200. Rafiki yangu wa sheria na aniambie: maktabani atamsoma mtu huyo katika kitabu gani? Mimi nilimsoma kwa miguu.

Sisemi hivi kwa kuidharau maktaba. Tarehe nilizozitaja nimezipata katika vitabu, wala sikuziokota kando ya maji. Nasema tu kuwa ziko habari ambazo mwenye kuandika hakuziona kuwa habari, na habari hizo hukaa katika mawe, katika chuma, katika mteremko wa ardhi, zikimngoja mtu apite polepole. Nitatoa mifano, na msomaji atapima mwenyewe.

Karibu na bustani ya Regent's Park, kati ya majumba ya fahari na bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1828, pana daraja liitwalo Macclesfield. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba, 1874, mlolongo wa mashua uliokuwa ukivutwa na chombo cha mvuke ulipita chini yake. Mashua mmoja, jina lake Tilbury, ulichukua mafuta na tani zipatazo 5 za baruti. Ulilipuka papo hapo chini ya daraja. Daraja likaporomoka, na mabaharia watatu waliokuwa ndani ya mashua wakafa. Baadaye daraja lilijengwa upya, na nguzo za chuma za zamani zikasimamishwa tena, lakini ziligeuzwa: upande uliokuwa ukitazama maji ukatazama ukuta. Basi atiaye kidole katika nguzo hizo leo atakuta mifuo mirefu iliyolika katika chuma, na ataikuta pande zote mbili. Mifuo hiyo haikuchongwa na fundi. Ililiwa na kamba. Farasi alikokota mashua kwa kamba. Kamba iliyolowa maji na mchanga ilisugua nguzo. Na msuguano wa kamba miaka nenda miaka rudi ulikata chuma kama msumeno. Upande mmoja wahesabu miaka ya kabla ya mlipuko, na upande wa pili wahesabu miaka ya baadaye.

Watalii hupiga picha daraja hilo kwa sababu lilivunjika. Hiyo ndiyo ada ya waonao pambo: hutaka tukio, hawataki kazi. Mimi nasema mlipuko ulikuwa wa dakika moja, na kamba ilikuwa ya karne nzima. Ni ipi kati ya mbili hizi iliyo historia ya mfereji?

Nikaendelea mbele mpaka Camden. Hapo ndipo ngazi za maji zianzapo. Nasema ngazi kwa kuwa ndivyo zilivyo: vyumba vya matofali vyenye malango mbele na nyuma. Chombo huingia, lango hufungwa nyuma yake, maji hutolewa kidogo kidogo, na chombo hushuka pamoja na maji mpaka kiwe sawa na maji ya chini; kisha lango la mbele hufunguliwa nacho huenda zake. Ziko ngazi 12 kati ya Camden na Limehouse, na kwa hizo chombo hushuka mita 26. Hakuna mashine wala moto. Pana uzito wa maji na mgongo wa mtu asukumaye boriti ya lango. Na kila chombo kipitapo, chumba kizima cha maji huenda chini pamoja nacho. Ndiyo maana ilibidi mwaka 1835 bwawa kubwa lijengwe katika bonde la Brent ili kuulisha mfereji. Atazamaye maji yale yaliyotulia hudhani kuwa yamelala. Hayajalala, yamewekwa.

Camden leo ni soko la vijana. Huuzwa nguo, vyakula vya mataifa yote na vikorokoro vya fedha. Hapana ubaya. Lakini hatua chache kutoka majini, katika njia ya Oval Road, lasimama jengo la mviringo lililokuwa kiwanda cha Collard & Collard, watengenezaji wa piano. Katika karne ya 19 Camden ilikuwa makao makuu ya kazi hiyo katika Uingereza, kwa sababu mbao nzito zilifika kwa mfereji na kwa reli, na piano nzito ziliondoka kwa njia hizo hizo. Na vibonyezo vyeupe vya piano vilivikwa nini? Vilivikwa pembe za ndovu. London ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika dunia, na katika soko hilo pembe laini zilizopita Zanzibar zilisifiwa kupita nyingi nyingine kwa kazi ya vibonyezo.

Hapo, msomaji, niliketi juu ya ukingo wa mfereji, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujiona mgeni. Sidai kuwa pembe fulani ya ndovu fulani ilipita mbele ya macho ya Camden katika mashua fulani. Nadai neno lililo wazi kuliko hilo: kwamba binti wa tajiri aliyejifunza kupiga piano katika nyumba za fahari nilizozipita asubuhi aliweka vidole vyake juu ya mzigo wa mpagazi wetu. Mnyamwezi aliyetoka bara kuelekea pwani alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, begani au kichwani, kwa safari ya miezi, mpaka Bagamoyo, mahali ambapo husemwa kuwa mtu aliubwaga moyo wake pamoja na mzigo. Katika mfereji farasi mmoja aliweza kukokota tani 30 na zaidi, kwa kuwa maji humsaidia abebaye. Kwetu hakukuwa na maji ya kusaidia, na ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe. Basi mfereji wetu ulikuwa shingo ya mtu. Nani atathubutu kuniambia kuwa matembezi ya Camden hayamhusu Mswahili?

Kutoka hapo njia yafika St. Pancras na King's Cross, na hapa ndipo hoja ya pambo idaipo ushindi wake mkubwa. Yalikuwapo matangi makuu ya gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Mafremu ya chuma ya matangi hayo yalibomolewa, yakasafishwa na kusimamishwa tena kando ya mfereji. Moja limezunguka kibustani, na katika matatu mengine yamejengwa makazi ya watu wenye uwezo. Ghala la nafaka la mwaka 1852 limekuwa chuo cha sanaa. Mbele yake pana uwanja mzuri wenye chemchemi za kurusha maji, ambao umma waingia kwa ruhusa, kwa maana ni mali ya watu binafsi. Na ng'ambo kidogo, katika gati la Battlebridge, ghala la barafu la Carlo Gatti, ambamo barafu ya Norwei iliyofika Limehouse kwa merikebu ilihifadhiwa chini ya ardhi, limekuwa jumba la makumbusho ya mifereji tangu mwaka 1992.

Ningekuwa mwongo kama ningesema kuwa mabadiliko haya yote ni mabaya. Tangi lililosafishwa ni bora kuliko tangi lililouzwa kwa chuma chakavu, na jumba la makumbusho ni rafiki wa ninayoyatetea. Ninalolipinga ni hesabu ifanywayo. Mwenye tangazo huandika kuwa aishiye ndani ya tangi la gesi aishi ndani ya historia. Sivyo. Aishi ndani ya umbo la historia. Aliyechochea tanuri za gesi, aliyevuta hewa chafu kifuani ili nyumba za London ziwe na taa, hakuachiwa hata chumba kimoja katika pambo hilo. Kuhifadhi chuma na kumsahau mchochezi ni sawa na kumzika maiti kwa heshima na kumnyima mjane wake chakula.

Islington ndipo mahali pa hukumu. Hapo mfereji waingia chini ya kilima kwa handaki la mita 878, na njia ya miguu haimo ndani yake. Mtembezi hupanda juu, hupita sokoni na mitaani, kisha hushuka upande wa pili. Zamani farasi naye alipandishwa juu namna hiyo hiyo. Lakini mashua haukuweza kupanda. Basi mabaharia walilala chali juu ya mbao, wakakanyaga kuta za handaki kwa miguu, na hivyo, kwa kutembea wakiwa wamelala gizani, walisukuma tani za mzigo hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilifanywa mpaka mwaka 1826, chombo cha mvuke kilipoanza kuvuta mashua kwa mnyororo. Nilisimama mdomoni mwa handaki nikatazama ndani, nikaona nukta ya mwanga upande wa pili, ndogo kama tundu la sindano. Rafiki yangu alisema kuwa kutembea ni uvivu. Na awaambie hao.

Wako watu wengine ambao huenda wakadhani mimi ni wa kundi lao, nami sina budi kuwakana. Hao ni wale waliao kwa ajili ya zamani, wasemao kuwa maisha ya mashua yalikuwa maisha ya raha, yenye maua yaliyochorwa mlangoni na birika la shaba linalong'aa. Maua yalikuwapo, na birika lilikuwapo. Vilevile kilikuwapo chumba cha mita 3 kwa 2 ambamo mume, mke na watoto walipika, walilala, waliugua na kuzaliana. Hali ilikuwa mbaya hata George Smith wa Coalville akapiga kelele, na Bunge likatunga sheria za mashua za mfereji katika miaka ya 1877 na 1884 ili kuhesabu watu wa kila chumba na kuwapeleka watoto shule. Mwaka huo huo wa 1877, katika maghala ya kando ya mfereji huu, njia ya Copperfield, Dokta Barnardo alifungua shule ya bure kwa watoto wa maskini, nayo ilifundisha mpaka mwaka 1908. Nyumba hiyo nayo ni makumbusho sasa. Basi sitaki zamani irudi. Nataka isemwe yote. Aipambaye taabu kwa maua huitukana taabu kama yule aifutaye.

Sasa nije kwa mtu wa tatu, ambaye hoja yake ndiyo yenye hatari zaidi kwa kuwa haikomei katika maneno. Yeye asema: kazi ya mfereji imekwisha; uliobaki ni uzuri; uzuri hugharimu; basi walipao ndio wenyewe.

Neno la kwanza, kuwa kazi imekwisha, si kweli. Ni kweli kuwa biashara ya mizigo ilikufa. Mwaka 1948 mifereji ilifanywa mali ya taifa. Baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 ilizigandisha njia za maji za Uingereza kwa wiki nyingi, ikawa kama pigo la mwisho. Na gati la Limehouse lilifungwa kwa merikebu mwaka 1969. Lakini mwaka 1979 nyaya za umeme wa volti 400,000 zilizikwa chini ya njia hii ya miguu, kutoka St. John's Wood mpaka City Road, na maji ya mfereji yakatumiwa kuzipoza. Na leo watu hukaa majini. Si wachache. Wako walimu, wauguzi, wanafunzi na mafundi ambao kodi ya nyumba za London imewashinda, nao wamefanya mashua kuwa nyumba yao. Ziko mashua zipitazo kuwauzia makaa, gesi na mafuta, kama muuza maji alivyopita mitaani mwetu. Moshi hutoka katika madohani, nguo huanikwa, baiskeli hulala juu ya paa. Hiyo ni kazi ya mfereji, na pengine ni kazi yake bora kuliko zote, maana haikuwahi hapo kwanza kuwapa makao watu ambao mji umewakataa.

Watu hao wana sheria yao. Kwa sheria ya mwaka 1995, mwenye mashua asiye na gati la kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, bali aendelee na safari yake. Hawakatai. Lakini tangu Aprili 2024 wanadaiwa nyongeza juu ya ada ya leseni, kwa sababu ya huko kutokuwa na gati. Amana isimamiayo mifereji ya Uingereza na Wales tangu mwaka 2012 yaeleza kuwa fedha ni haba. Na kwa hakika Serikali ilitangaza mwezi Julai 2023 kuwa ruzuku yake itapunguzwa mwaka baada ya mwaka kuanzia 2027. Kuta za mfereji zazeeka, malango yaoza, mabwawa yataka kutazamwa. Hili ni neno la haki, wala sitalipuuza. Maji hayashikwi kwa mashairi.

Lakini nauliza, nani alipe? Mtu wa tatu ajibu kuwa alipe atumiaye. Vema, basi na tuhesabu watumiao. Mwenye nyumba kando ya mfereji, ambaye bei ya nyumba yake imepanda kwa sababu madirisha yatazama maji, atumia mfereji kila asubuhi afunguapo pazia. Kampuni iliyojenga makazi ndani ya matangi, ikaweka maji katika picha za tangazo lake, imeutumia. Mji wote, upumuao kwa njia hii ya kilometa 14 isiyo na motokaa, wautumia. Kati ya hao wote, aliye rahisi kukamatwa na kudaiwa nyongeza ni yule aliyemo majini, kwa kuwa namba yake imeandikwa ubavuni mwa mashua. Huko si kutafuta haki. Ni kumtafuta aliye karibu na mkono.

Tena atumiaye si ajuaye kulipa peke yake. Njia hii ya miguu haikuwa ya umma tangu mwanzo. Ilikuwa ya farasi na wafanyakazi, na kwa muda mrefu umma ulifungiwa nje kwa kuta na malango. Ilianza kufunguliwa kipande kwa kipande mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mizigo kuondoka. Kilichofunguliwa kwa kutangaza chaweza kufungwa kwa kunyamaza. Mahali pamoja, nisipopataja, niliketi juu ya ngazi za jiwe zishukazo majini ili nifunge kamba ya kiatu. Mlinzi alinijia, akaniuliza kwa adabu kama nakaa katika jengo lile. Nikasema la. Akasema basi tafadhali niendelee. Sikukosana naye, naye ni mtu wa mshahara, pengine mgeni kama mimi. Lakini nilifahamu kuwa nimeona mwanzo wa jambo. Siku moja mtembezi ataruhusiwa kupita, lakini hataruhusiwa kusimama. Na njia ambayo mtu haruhusiwi kusimama si njia ya umma, ni bomba la kupitishia watu.

Sasa na nifike mwisho wa safari, nijibu shtaka la nyumba ya pombe. Nilifika Limehouse jua likiwa linashuka. Gati lililopokea makaa ya mawe na mbao limejaa mashua za starehe. Nikavuka, nikaingia njia ya Narrow Street, nikafika The Grapes. Pamekuwa na nyumba ya pombe mahali hapo tangu mwaka 1583, na jengo lililopo ni la miaka ya 1720. Ni nyembamba mno, kana kwamba majirani waliibana mpaka ikashika pumzi. Nyuma yake kuna ubao juu ya mto Thames, na maji yakijaa hupiga chini ya miguu ya waliokaa.

Mimi si mnywaji. Niliagiza maji ya tangawizi, nikapewa bila ya kutazamwa vibaya. Pembeni yangu waliketi wazee wawili na mbwa, na mwanamke aliyesoma gazeti. Hakuna aliyemhimiza mwenziwe kuondoka. Sina haja ya kuitetea pombe. Yajulikana ilivyoharibu nyumba za wapagazi wa kila bara. Nasema tu kuwa baada ya kilometa 14, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kwanza ambapo mtu aliweza kuketi kando ya maji kwa bei ya kinywaji kimoja, akazungumza na asiyemjua. Sisi kwetu tuna baraza, na baraza haina bei. Mji usiokuwa na baraza hujipatia mahali pengine pa kukutana, na si haki kumlaumu mtu kwa kukaa katika kiti pekee alichoachiwa.

Lakini lipo neno kubwa zaidi, na kwa hilo nafunga hoja yangu. Charles Dickens, katika riwaya yake Our Mutual Friend iliyomalizika mwaka 1865, aliweka nyumba ya pombe ya kando ya mto, na husemwa kuwa mfano wake ulikuwa nyumba hii. Aliiita Six Jolly Fellowship Porters, yaani Wapagazi Sita Wachangamfu wa Chama. Chama hicho kilikuwa cha kweli: wapagazi wa London waliobeba nafaka, chumvi na makaa kutoka katika vyombo. Na si mbali na hapo, katika njia ya West India Dock, lilifunguliwa mwaka 1857 jumba la kuwapokea mabaharia wageni, ambalo katika jina lake rasmi liliwataja Waasia, Waafrika na watu wa visiwa vya bahari ya kusini. Jumba hilo halipo tena.

Basi nilikaa mahali ambapo mpagazi wa Kiingereza alibwaga mzigo wake, karibu na mahali ambapo baharia Mwafrika alitafuta kitanda, mwisho wa mfereji ambao ulisaidia kulisha viwanda vilivyohitaji pembe zilizobebwa na mpagazi wa Tabora. Mwandishi mmoja alimpa mpagazi wa London jina katika kibao cha mlangoni. Mpagazi wetu nani atampa? Watalii hawatampa, kwa kuwa yeye si pambo. Mwenye bei hatampa, kwa kuwa hana bei. Imebaki kazi yetu sisi tusomao na kuandika kwa lugha ambayo mpagazi yule aliitumia njiani.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wenzangu: fungeni vitabu kwa siku moja, mvae viatu, mfuate njia ya mizigo kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, popote mlipo. Gusa chuma, utie kidole katika mfuo wa kamba, uulize nani alivuta. Kisha rudi maktabani uwaudhi wenye vitabu kwa maswali yako. Rafiki yangu wa sheria nimemwalika safari ya pili. Amekubali, kwa sharti kuwa tusiishie baa. Nimemjibu kuwa tutaishia pale ambapo mpagazi ataruhusiwa kuketi.